Misalaba ya shaba iliyogeuka makaburi: kisa cha taroti moja iliyochorwa Lubumbashi

Mchoraji mmoja wa Lubumbashi, binti aliyesomea uchoraji papa hapa mjini, alijipa kazi ya kuchora seti nzima ya karata za taroti, zile zinazochezwa na pia kusomwa kutabiri bahati, kwa mandhari ya Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Alitaka zifae kwa mambo mawili. Mtu akizitandaza mezani moja moja, aone kisa ndani ya kila picha. Na wazee wa mtaa wa Kamalondo wanaocheza taroti ya Kifaransa Jumapili alasiri waweze kuzishika mkononi na kucheza bila kusimama kuulizana. Mimi nilimsaidia kuziandaa kwa uchapaji, na nilikaa na wazee hao zilipojaribiwa. Sharti la pili ndilo lililofichua makosa ambayo sharti la kwanza lingeyaacha yapite.

Seti ya taroti ina karata 78. Kati yake, 22 ni zile kubwa zinazojulikana na wengi, kama Mwezi, Mnyongwa na Gurudumu, na 16 ni za watu wa ikulu. Zinazobaki ni 40, moja hadi kumi katika familia nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Kisa hiki kinahusu hizo 40. Anayechora karata kubwa yuko huru. Mwezi ni Mwezi tu, auchore juu ya ziwa au juu ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, kila mtu atautambua. Anayechora Saba ya Sarafu hana uhuru huo. Picha yake lazima iseme "saba", iseme "sarafu", ndipo ipate ruhusa ya kusema jambo jingine.

Kwa muda mrefu hakuna aliyelazimika kufikiria hayo, kwa sababu karata za namba hazikuwa na kisa. Karata za Misri ya Wamamluki, watawala wake wa zama za kati, zilizohifadhiwa katika jumba la Topkapı mjini Istanbul, ambazo mtaalamu L. A. Mayer alizitangaza kwa maandishi mwaka 1939, hazina mtu hata mmoja. Kuna vikombe, sarafu, panga na magongo ya mchezo wa polo, vimepangwa kwa idadi na kuzungushiwa mapambo. Ulaya haikuujua mchezo wa polo, basi gongo likageuka kuwa fimbo au rungu. Wasomaji wa pwani wanaoziita karata zao kopa, uru, shupaza na pao wana majina ya Kireno mdomoni, na ndani ya majina hayo kikombe, dhahabu, upanga na gongo bado wapo, ingawa kwenye karata zenyewe sasa wanaona alama za Kifaransa.

Katika taroti ya Marseille, seti ya zamani ya Ufaransa, alama yenyewe ndiyo picha. Sarafu ni duara lenye ua ndani, na ndiyo familia ambayo kwa kawaida haikuandikiwa namba, macho yahesabu yenyewe. Fimbo ni nyoofu na zinakatana katikati. Panga zimepinda, zinafumbata nafasi yenye umbo la yai, na idadi ikiwa witiri upanga mmoja mnyoofu unasimama katikati ya umbo hilo. Upindo huo si pambo. Fimbo na upanga ni vitu viwili virefu vyembamba. Vikichorwa vyote kwa mstari mnyoofu, mchezaji aliyeketi gizani kidogo atavichanganya. Wachongaji wa zamani walilijua hilo, wakapinda kimoja. Sisi ilitubidi tulijue upya kwa taabu.

Njia nyingine ilijaribiwa kaskazini mwa Italia mwishoni mwa karne ya 15. Seti iitwayo Sola Busca, ambayo tangu 2009 iko katika jumba la sanaa la Pinacoteca di Brera mjini Milano, iliingiza watu ndani ya karata za namba: wanabeba alama, wanazitazama, wanalemewa nazo. Fotografia za seti hiyo zilifika British Museum mwaka 1907. Mwaka 1909 mchoraji Pamela Colman Smith alichora karata za mwandishi A. E. Waite zilizotolewa London na kampuni ya Rider, na Tatu ya Panga yake, moyo uliochomwa na panga tatu, ni picha ambayo tayari imo katika Sola Busca. Toka hapo dunia nzima ikazoea karata ya namba yenye kisa, na binti yetu pia alianza na Smith. Alikuwa na nakala iliyochakaa, na alama zake alizijua kwa moyo.

Nami naona lazima tukae kidogo kwa Smith, maana watu wengi wanaomwiga wanaiga visa vyake na kuacha ufundi wake. Tazama anavyozitumia sarafu. Katika Mbili, kijana anazichezesha ndani ya utepe uliofungwa kama nane iliyolala. Utepe wa namna hiyo, wenye umbo la herufi S, uliizunguka Mbili ya Sarafu ya Marseille, na humo ndimo watengenezaji walikoandika majina yao. Katika Tatu, sarafu zimechongwa kwenye tao la kanisa. Katika Nne, mtu amekumbatia moja, amekanyaga mbili, na ya nne iko juu ya taji lake. Katika Tano zimekuwa vioo vya dirisha la kanisa, na maskini wawili wanapita nje kwenye theluji. Katika Sita zinaelea hewani juu ya tajiri mwenye mizani. Hakuna aliyezishika, hazikutundikwa popote. Katika Saba zimezaa kwenye kichaka, na mkulima ameegemea jembe lake akizitazama. Katika Nane fundi anazichonga moja moja na zilizokwisha amezipigilia nguzoni. Katika Kumi zimetawanywa mbele ya picha yote kwa mpango wa Mti wa Uzima wa Kabbalah, elimu ya siri ya Kiyahudi, na watu waliomo ndani hawaonyeshi dalili ya kuziona.

Ni kitu kile kile, mara mchezo, mara jiwe, mara kioo, mara tunda, mara hewa. Kinachoviunganisha ni umbo. Duara, nyota ya ncha tano ndani yake: habadilishi hata mara moja. Fimbo zake zote zina machipukizi ya majani, hata zile nane zinazoruka hewani katika karata isiyo na mtu. Na idadi hukamilika kila mara. Katika Tisa ya Fimbo, nane zimesimama nyuma na ya tisa imeshikwa na mtu mwenye bandeji kichwani; katika Saba ya Panga, mwizi ameondoka na tano na kuziacha mbili zimechomekwa ardhini. Karata zake za namba, kuanzia mbili hadi kumi, zina tarakimu ya Kirumi juu na basi. Jina la familia halikuandikwa. Alama iliyomo ndani ya picha inabeba mzigo wote.

Kuna waliofanya kinyume na wakafanikiwa. Lady Frieda Harris, aliyechora taroti ya Aleister Crowley kati ya 1938 na 1943, alizibadilisha fimbo zenyewe kutoka karata hadi karata. Katika Mbili ni dorje, chombo cha ibada cha Watibeti. Ila chini ya kila karata kuna neno lililoandikwa, na karata hizo hazikukusudiwa kuchezwa kwa haraka na watu wanne wanaobishana. Wazee wa Kamalondo wanabishana.

Sasa alama za Lubumbashi. Nyota ndani ya duara iliondoka siku ya kwanza. Mama yake mchoraji ni mtu wa kanisa la uamsho, naye alisema wazi kwamba nyota ile ikiingia nyumbani itachomwa pamoja na brashi. Badala yake binti alichagua msalaba wa shaba, ule ambao kwa Kifaransa tunauita kruazeti: kipande cha shaba chenye mikono minne kama herufi X, kilichotumika kama fedha katika eneo hili karne nyingi kabla ya faranga. Chaguo hilo nililipenda na bado nalipenda. Sarafu za Dola la Katanga za mwaka 1961 zilikuwa na msalaba huo, bendera yake ilikuwa nayo mitatu, na mpaka leo mtoto wa Lubumbashi akiuona ukutani anajua ni shaba, ni pesa, ni kwao.

Vikombe vikawa vikombe vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu, vile vya kunywea munkoyo, kinywaji cha mahindi. Fimbo zikawa michi ya kutwangia sombe, majani ya muhogo. Panga za kukatia tuliziacha mapema. Katika nchi ambayo watu wamefukuzwa majumbani na kuuawa kwa panga, hakuna anayetaka kuona kumi zimelala juu ya meza yake ya Jumapili. Zikawekwa shoka za Kiluba, zile za heshima, zenye ulimi wa chuma mpana uliopenya kichwa cha mpini.

Jaribio la kwanza lilikuwa uani kwa mzee aliyejifunza mchezo huo akiwa mwanafunzi Ufaransa. Wakicheza wanne, kila mmoja anapewa karata 18, na sita zinabaki pembeni. Karata 18 mkononi ni nyingi. Zikifunguliwa kama upepeo, kila moja inaonyesha ukanda mwembamba wa upande wa kushoto, labda upana wa kidole. Picha yote ambayo binti aliihangaikia ikawa imefichwa na karata ya jirani yake.

Ndani ya ukanda huo mwembamba michi na mipini ya shoka ilikuwa kitu kimoja.

"Binti, hii ni mutwangio ao ni shoka? Sioni muzuri," mzee mmoja aliuliza.

"Papa, ivute kidogo, utaona chuma."

"Nikivuta, huyu jirani ataona karte yangu. Mchezo umeisha hapo."

Alikuwa sahihi, na jibu lake lilikuwa limefupisha kazi nzima. Karata inayohitaji kuvutwa ili itambulike imekwisha kumsaliti mwenye kuishika. Binti alikuwa amechora shoka nyingi zikiwa wima, mpini umenyooka, kwa sababu shoka la heshima likishikwa na chifu ndivyo linavyoonekana. Mchi nao husimama wima ndani ya kinu. Tulipozitandaza karata zote za familia hizo mbili sakafuni, tukazifunika kwa kadibodi na kuacha ukanda wa kushoto tu, hata yeye mwenyewe alishindwa na baadhi.

Dawa ilikuwa ile ile ya Marseille. Mchi unabaki mnyoofu daima, mnene kwenye ncha zote mbili, wa rangi ya mti uliooshwa. Mpini wa shoka umepinda, na haumo kwenye karata yoyote bila ulimi wake wa chuma kuonekana wote, mweusi. Binti hakufurahia kupinda mipini, kwa kuwa shoka nyingi alizoziona katika makumbusho ya Lubumbashi ni nyoofu. Nilimwambia kwamba wachongaji wa Marseille nao walikuwa wameona panga nyoofu maisha yao yote. Alikubali kwa Mbili na Tatu, akakataa kwa Nne, ambako shoka zimetundikwa ukutani juu ya mtu aliyelala. Nikaona ana haki, maana juu ya ukuta mtupu hakuna cha kuzichanganya nazo. Baadaye akaipinda na hiyo kwa hiari yake.

Habari ya misalaba ilikuwa ngumu zaidi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwa Saba, binti alimfuata Smith: mkulima ameegemea jembe, anatazama alichopanda. Badala ya kichaka alichora matuta ya shamba wakati wa kiangazi, na misalaba saba ya shaba imechomekwa juu ya matuta. Ili usimame ardhini, msalaba lazima mkono wake mmoja uzikwe kwenye udongo. Basi aliigeuza yote, X ikawa msalaba wa wima. Picha ilikuwa nzuri ajabu. Jua la jioni, udongo mwekundu, shaba inang'aa. Tulikuwa tumeitazama wiki nyingi bila kuona lolote.

Mama mwenye nyumba alipita na mtungi wa munkoyo, akaiona mezani, akasimama.

"Nani amekufa?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote tuliokuwa pale tuliona kwa mara moja. Misalaba saba imesimama juu ya matuta saba ya udongo, na mwanamume ameegemea jembe lake. Yalikuwa makaburi, na yule mkulima alikuwa mchimba kaburi aliyemaliza kazi.

Binti aliitetea picha yake, tena kwa hoja nzito. Misalaba ya shaba imo makaburini kweli. Wanaakiolojia waliochimba Sanga, katika bonde la Upemba, waliikuta imewekwa juu ya maiti, kifuani au karibu na mikono. Kwa hiyo, alisema, maana haijakosewa, imezidi kuwa ya ndani: anayetazama shamba anaona pia mali iliyozikwa na wazee. Nilimsikiliza kwa makini kwa sababu ni hoja ya mtu anayeijua nchi yake. Lakini misalaba ya Sanga ililala juu ya mwili. Haikusimama juu ya udongo. Anayesimamisha msalaba juu ya kaburi ni Mkristo, na jicho la mtu wa Lubumbashi leo, awe Mkatoliki au mtu wa uamsho, litasoma hivyo kabla halijafika Upemba. Karata hiyo inahusu kungoja mavuno. Ukiona makaburi, husomi tena kungoja.

Kwa mchezaji hasara ilikuwa kubwa zaidi. Msalaba uliogeuzwa haukuwa tena alama ya familia yake. Mzee aliyekuwa na Saba hiyo mkononi aliiweka pembeni pamoja na karata kubwa, akidhani ni mojawapo ya zile 22, labda Kifo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Smith aliweza kuzifanyia sarafu zake vile alivyotaka. Kati ya alama nne za zamani, sarafu ndiyo pekee isiyo na juu wala chini. Kikombe kikigeuzwa kinamwaga. Upanga ukielekea chini si sawa na ukielekea juu. Fimbo ikilala imeanguka. Duara unaweza kulirusha, kulitundika, kulikanyaga, kulijenga ukutani, kulizungusha, nalo litabaki lile lile. Binti alipoondoa duara na kuweka X, aliondoa uhuru huo pasipo kujua, huku akiendelea kutumia visa vilivyobuniwa kwa ajili ya duara. Karata za sarafu za Smith zinadai alama inayovumilia kugeuzwa. X haivumilii, ikizunguka nusu ya pembemraba inakuwa kitu kingine, na kitu hicho kina dini.

Tungeweza kuuweka msalaba ndani ya duara na kumaliza shida. Niliwahi kupendekeza hivyo. Binti alikataa, kwa maneno machache: "Shaba yetu haikuwa ya mviringo, yaya." Sikurudia.

Alichofanya ni bora kuliko pendekezo langu. Aliacha shamba, akarudi kwenye kazi yenyewe ya shaba. Wahunzi wa Katanga waliyeyusha malakiti kwa makala wakati wa kiangazi, katika tanuru za udongo wa kichuguu, kisha wakamimina shaba katika kalibu zilizochimbwa ardhini. Saba ya Misalaba sasa ina kalibu saba zenye umbo la X, zimelala ardhini, baadhi shaba yake bado nyekundu ya moto, nyingine imeanza kutulia. Mhunzi ameegemea mti wake mrefu, anangoja ipoe. Kungoja kumebaki, mavuno yamebaki, na misalaba imelala kama inavyopaswa kulala. Ardhi aliiinua, karibu iwe ukuta, ili X isibonyee kwa umbali. Wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi wamefanya hivyo miaka mingi bila kumwomba mtu ruhusa, na hata Smith, aliyekuwa amefanya kazi na kundi la tamthilia la Lyceum, alichora karata zake nyingi kama jukwaa lenye mstari wa sakafu.

Baada ya hapo sheria ya familia ikaandikwa ukutani kwa makala: msalaba ni X siku zote. Ukitundikwa, kamba inafungwa katikati, si kwenye mkono. Ukishikwa, mkono wa mtu unashika mahali mikono inapokutana. Karata kadhaa zilirudiwa kwa sababu ya sheria hiyo, na moja, Nne, ilipendeza zaidi: mtu amekumbatia msalaba wake kifuani, na mikono yake mwenyewe inapita juu ya X kwa X nyingine.

Tano ilileta tatizo la upande wa pili. Kwenye Saba alama ilikuwa imegeuka kitu kingine. Kwenye Tano ilitoweka kabisa. Binti alibadilisha dirisha la kanisa la Smith kuwa klostra, yale matofali ya saruji yenye matundu yanayoingiza hewa katika nyumba nyingi za zamani za hapa, ambayo mara nyingi yana umbo la X. Wazo zuri kupita kiasi. Ukuta mzima ukawa misalaba. Mchezaji mmoja alihesabu kumi na moja, mwingine akahesabu matundu badala ya matofali. Ikabidi matofali matano tu yawe ya rangi ya shaba, yanayowashwa na taa iliyo ndani ya nyumba, na mengine yawe ya kijivu na ya umbo la almasi. Wapita njia wawili nje wapo vile vile, wamejifunika gunia kwa mvua ya Januari, kwani theluji hatuna.

Vikombe havikutusumbua sana. Sharti lilikuwa moja: hakuna chombo kingine cha kunywea ndani ya picha isipokuwa vile vinavyohesabiwa. Meza ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ilipunguzwa bidhaa mpaka ikakaribia kuwa tupu.

Bado lilibaki suala la ukanda wa kushoto. Alama hata ikiwa na umbo thabiti, haisaidii ikiwa imesimama upande wa kulia wa picha. Taroti ya Kifaransa ya siku hizi huweka namba na alama ndogo pembeni, juu na chini, na wachezaji wameizoea hivyo. Binti alisema pembe zile zitafanya picha zake zifanane na tangazo la duka. Mabishano yalikuwa marefu na sikuyapenda, maana pande zote mbili zilikuwa na haki. Suluhisho lilitoka kwenye kikwembe cha mama yake. Kitambaa kile kina pindo, na ndani ya pindo kuna maandishi na alama za kiwanda ambazo hakuna anayesema zimeharibu maua. Kila karata sasa ina pindo jembamba pande zote mbili ndefu, lenye mchoro wake kwa kila familia: miraba midogo kwa michi, mawimbi kwa vikombe, meno ya msumeno kwa shoka, nukta kwa misalaba. Namba na alama moja vimo ndani ya pindo, juu kushoto, na tena chini kulia vikiwa vimegeuzwa kwa anayeishika karata kinyume. Alama ya pindoni haina kisa. Haibebwi, haiangushwi, haichomwi. Ile iliyomo ndani ya picha ikapata uhuru mkubwa zaidi kwa sababu mwenzake wa pindoni amesimama mahali pamoja.

Wazee walicheza mchezo mzima bila kuuliza swali. Mmoja alisema picha zinamkengeusha, akaziangalia tena.

Kilichobaki ni Sita ya Misalaba. Binti amemchora mfanyabiashara wa soko akipima unga kwa mizani na kumpa mama mwenye mtoto mgongoni, na misalaba sita inaelea juu yao kama kwa Smith. Mzee mwenye nyumba anasema iachwe ielee, karata ni karata, hata panga za zamani zilielea na hakuna aliyelalamika. Binti anasema duara linaweza kuelea kwa kuwa macho yanalisamehe kama jua au mwezi, lakini shaba ya uzito ule juu ya kichwa cha mtoto inamtia hofu kila anapoitazama. Mimi nimekaa na wote wawili, na nakubaliana na binti. Nakala iliyo kwa mpiga chapa ina misalaba mitatu kwenye sahani moja ya mizani, miwili mkononi mwa mfanyabiashara na mmoja ambao mama ameupokea tayari. Mzee ameomba achapiwe moja ya ile ya kwanza, ya kwake peke yake.